Maswali ya Wasomaji: Reli Moja Inapozaa ya Pili

SWALI: Mhariri, huku kwetu kwenye njia ya Kisumu–Butere reli ni moja, lakini stesheni nyingi za magharibi huwa na reli ya pili, kisha zinaungana tena. Treni mbili hupishanaje hapo? Na mbona treni ya SGR, ile reli mpya pana, haiwezi kupita juu yake? – Msomaji, Luanda

JIBU: La pili kwanza, kwa kuwa ni fupi. Reli yenu ina upana wa milimita 1,000, ukipima kwa ndani. SGR ni 1,435. Magurudumu hayaingii. Kipimo hicho cha mita kilitoka India, na ndicho kilichofika Kisumu, enzi hizo Port Florence, Desemba 1901. Tawi la Butere lilifuata baadaye. Mwaka 1931, njia ya Nakuru na Eldoret ilifika Kampala, na Kisumu ikaacha kuwa mlango wa Uganda.

Sasa kupishana. Reli ya pili huitwa lupu. Treni iliyotangulia kufika huingizwa humo na kusimama, ya pili ipite kwenye reli kuu. Stesheni masta makini hatosheki na kuona injini, husubiri mkia. Behewa la mwisho hubeba alama yake, usiku ikiwa taa nyekundu. Isipoonekana, huenda behewa limekatika likabaki njiani, na treni ya pili ikiachiliwa kuelekea huko italigonga.

Tena mkia uwe umepita alama iliyowekwa kati ya reli mbili, pale zinapoanza kusogeleana. Ukibaki nje, treni nyingine itaukwaruza ubavuni. Ndiyo maana treni iliyo ndefu kuliko lupu haisimami humo, hata dereva akibembeleza.

Balaa kubwa liko kwenye pointi, pale reli zinapogawanyika. Kuna ndimi mbili za chuma zilizochongwa ncha. Mmoja lazima ulale kabisa kwenye reli iliyo kando yake, kisha ufungwe. Kokoto moja ikikwama katikati, hubaki upenyo. Ukingo wa gurudumu ukipenya, gurudumu la upande mmoja hufuata njia moja na la upande wa pili nyingine, na behewa huanguka. (Watoto wanaochezea mawe hapo waondolewe mara moja.) Treni ikitokea upande wa pili, yaani ikielekea pale reli mbili zinapoungana kuwa moja, ilhali pointi haijageuzwa, mara nyingi hupita salama, lakini hupinda fimbo inayounganisha ndimi. Treni inayofuata ndiyo hulipa, kwa hiyo pointi iliyolazimishwa hivyo hukaguliwa kabla ya kutumika tena.