Mzee alidhani ni mwiba wa samaki

Siku ya tatu baada ya kujing'oa mpira wa kupumulia, ule unaopitishwa mdomoni hadi kwenye njia ya hewa na kuunganishwa na mashine, mzee alinieleza kwa sauti iliyokwaruza: "Sista, nilidhani mwiba wa ngege umenikwama."

Mimi ni muuguzi wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, hapa Kisumu, na usiku ule zamu ilikuwa yangu. Tulikuwa tumempunguzia dawa ya usingizi ili asubuhi daktari aone kama anaweza kupumua mwenyewe. Saa kumi alfajiri nikageukia faili la mgonjwa wa pili. Kengele ya mashine ikalia. Kutazama, mpira uko mkononi mwake, puto la mwishoni bado limejaa hewa, naye ananiangalia kama mtu aliyemaliza kazi. Puto lile likipita limejaa huumiza nyuzi za sauti. Ndiyo maana alikwaruza.

Wakati mwingine mpira huchomoka kwa makosa yetu: mate yamelowesha plasta, au tumemgeuza mgonjwa bila mtu wa kuushika. Lakini mara nyingi ni mkono wake mwenyewe, anapoanza kuzinduka. Hebu fikiria: hujui uko wapi, kooni pana kitu kinene kuliko kalamu, na ukitaka kuuliza sauti haitoki kwa sababu mpira umepita katikati ya nyuzi za sauti. Hata mimi ningeung'oa.

Kumfunga mikono ndilo jibu la haraka, na nimelitumia. Ila wengi niliowafunga walizidi kuhangaika, na aliyefungwa naye hung'oa: huinamisha kichwa mpaka kiufikie mkono. Mgonjwa akianza kupapasa, kwanza natafuta sababu. Ana maumivu? Makohozi yameziba mpira? Kibofu kimejaa? Kisha naongea naye, hata kama amefumba macho: uko hospitali, huu mpira unakusaidia kupumua, utatolewa. Dakika kumi baadaye narudia, maana keshasahau. Mzee yule wa Seme nilikuwa namtuliza kwa Kiingereza cha wodini, aibu yangu. Binti yake alipokuja baada ya tukio lile akamweleza kwa Kijaluo, mkono ukatulia kitandani. Tungemwita jana yake.

Kwa wauguzi wageni: angalieni namba ya sentimita iliyochapwa kwenye mpira, pale unapopita kwenye meno. Kwa mwanamke mzima huwa kama 21, kwa mwanamume kama 23. Iandikeni, na muisome tena kila mnapopokezana zamu na kila mnapomgeuza. Ikiwa ilikuwa 23 na sasa ni 20, mpira umetoka sentimita 3 na hakuna kengele iliyolia. Ukishachomoka wote, usijaribu kuusukuma urudi. Ita watu, mpe oksijeni kwa barakoa na mfuko wa kubonyeza, mtazame kifua. Wengine huzidiwa ndani ya dakika chache. Mzee wetu aliendelea kupumua, daktari akaamua asirudishiwe. Wapo wanaoung'oa wakiwa tayari kuuacha, sisi ndio tumechelewa, ingawa hilo hatulisemi sana kwenye vikao.

Ndugu wa wagonjwa, mikoba iacheni mlangoni. Niliwahi kuona mkanda wa mkoba ukinasa kwenye bomba la mashine mama alipoinama kumwombea mwanawe. Ombeni, lakini simameni upande usio na mashine.

Na mkikuta mkono umefungwa, msiufungue kimyakimya. Dada mmoja alimhurumia kaka yake akamfungulia, kisha akatoka nje kupokea simu. Mkitaka afunguliwe, niambieni, nami nitafungua mkiwapo, mradi mmoja wenu akae ameushika mkono huo. Akichoka, aniite kabla hajauachia.