Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

Swali: Mheshimiwa Mhariri, mwalimu wetu anasema 2 kipeo cha 32, ukijumlisha 1, yaani 4,294,967,297, si namba tasa. Iligunduliwaje bila kikokotoo?

Jibu: Mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat, katika karne ya 17, aliamini kuwa namba hiyo ni tasa, lakini mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kuwa ni zao la 641 na 6,700,417. Baadaye Euler alithibitisha kwamba kila kigawanyo tasa cha namba hiyo, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Kwa hiyo vya kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, kisha 641, na hapo kazi inakwisha. Ni majaribio matano tu, ambayo mwanafunzi mwenye subira angeyamaliza kabla chai haijapoa. Ajabu ni kwamba kigawanyo hicho kilimpita Fermat mwenyewe.