Plasta ya nje hapa Kisumu: chagua saa, chagua mwezi, na usiinyime maji

Nyumba yangu iko upande wa Nyamasaria na ukuta wake wa nyuma, ule unaangalia jua likizama, umepigwa plasta mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Februari, na jua la Kisumu la Februari mnalijua. Fundi alianza saa nne akamaliza saa tisa, ukuta ukatoka laini kama meza, nikafurahi nikamlipa. Wiki mbili hivi zikapita nikaanza kuona vinyufa vidogo vimesambaa kama utando wa buibui, nikipitisha mkono unatoka na vumbi, alafu mvua ya Aprili ilipokuja vipande vikaanza kuanguka vyenyewe, na ukigonga kando ya penye pameanguka unasikia sauti ya debe tupu. Pesa yote ya ule ukuta ilibebwa na wilbaro ikatupwa.

Fundi wa pili niliyemleta ni mzee wa kutoka Maseno ambaye amefanya hii kazi miaka mingi. Hakuniuliza simiti ilikuwa ya kampuni gani. Aliniuliza tu, "Mama, huu ukuta mlimwagilia maji siku ngapi?" Nikamwambia, mzee, hatukumwagilia, si ilikuwa imekauka vizuri? Akatikisa kichwa. "Simiti haiwi ngumu kwa kukauka, inakuwa ngumu kwa kunywa maji. Hii yenu ilikufa na kiu."

Hapo ndio nilielewa. Simiti ikishachanganywa na maji kuna kazi inaendelea ndani yake kwa siku nyingi, inashikana polepole na mchanga, na ikinyang'anywa maji mapema hiyo kazi inakatikia njiani na haiendelei tena hata ukisubiri mwaka. Na inanyang'anywa pande zote mbili: huku nyuma haya matofali yetu ya kuchoma yanafyonza sana, huku mbele kuna jua, na mchana ule upepo wa ziwa unapiga ukuta kama feni. Plasta ya nje ni kama milimita 15 mpaka 20 tu, haina mahali pa kuficha maji.

Kwa hivyo kazi inaanza jana yake. Jioni unamwagia ukuta maji mpaka ushibe, asubuhi unarudia kidogo, na fundi akianza ukuta uwe na unyevu lakini usiwe unachuruzika, kwa sababu ukichuruzika nayo plasta inateleza. Alafu mnafuata kivuli. Asubuhi piga ukuta wa magharibi wakati jua liko upande ule mwingine, na mchana kama mbingu ni safi hamia ukuta wa mashariki. Huu ujanja hauna gharama yoyote na sijui kwa nini mafundi wengi hawaufuati, wanaanza tu penye ngazi iko karibu. Saa sita mpaka saa tisa kama hakuna kivuli, waache wakule, wapumzike, wachekeche mchanga.

Na hapo kwa kupumzika chungeni kitu kimoja. Mchanganyiko ukiachwa kwa karai watu wakienda lanchi, wakirudi unakuta umeanza kushika, na fundi anaongeza maji anaukoroga tena anaendelea. Huo umeshaharibika, hata kama unaonekana laini. Changanyeni kidogo kidogo, wa kuisha ndani ya saa moja hivi.

Kuhusu mwezi, mimi sasa nafanya kazi ya nje Juni na Julai, masika imeisha, ukuta hauchomwi vile. Januari na Februari ni jua na upepo, Aprili ndio usiseme, kwa sababu mvua ya hapa inapenda kushuka jioni na plasta iliyopigwa saa nane inaoshwa saa kumi mbele ya macho yako. Ukilazimika kufanya msimu wa mvua weka karatasi ya nailoni tayari juu ya ukuta, usingoje mawingu ndio ukimbie dukani. Lakini kabla ya mwezi wowote, nyumba iezekwe kwanza. Ukuta ambao haujabebeshwa uzito wa paa bado unajipanga, na ukijipanga unapasua plasta.

Pia nilikuwa nafikiri simiti nyingi ndio nguvu. Kumbe ikizidi plasta inajivuta sana ikikauka na nyufa zinakuwa nyingi zaidi. Mzee anatumia simiti moja kwa mchanga nne, wakati mwingine tano, na mchanga anautest kwa chupa ya plastiki: anautia nusu, anajaza maji, anatikisa, anaacha utulie. Tope likikaa juu ya mchanga kama tabaka nene huo mchanga unarudishwa ama unaoshwa. Penye nguzo ya zege inakutana na tofali, na penye mafundi wa stima walichimba wakapitisha paipu, anapigilia waya ya kuku kwanza, kwa sababu hizo sehemu mbili hazitembei pamoja. Na hapigi niru nje. Ile ngozi laini ya simiti tupu inapendeza siku ya kwanza alafu inapasuka ndogo ndogo kila mahali.

Sasa kumwagilia. Plasta ikishakuwa ngumu, kawaida kesho yake asubuhi, nyunyizia taratibu, si kuelekeza hosi paipu kwa nguvu. Mara mbili au tatu kwa siku, siku saba. Mimi maji ya mfereji yalikuwa yamepotea hiyo wiki nikanunua ya mkokoteni, mitungi ya lita 20, na nikaning'iniza magunia mabichi kwa ule ukuta wa magharibi ndio maji yasipotee haraka. Iliniuma kununua maji ya kumwagia ukuta, lakini kubomoa kuliniuma zaidi. Alafu rangi nayo ingoje kama siku 28. Plasta mbichi ina ukali wa simiti ambao unakula rangi, hasa ya mafuta, utaona inang'oka kama ngozi iliyoungua. Kwa nje tumia rangi ya maji inayoachia ukuta upumue.

Ikishakaa, adui ni maji yaleyale tuliyokuwa tunayatafuta. Gata iliyoziba inamwaga maji mahali pamoja mpaka plasta inavimba. Udongo wa maua ukirundikwa kwa ukuta unaruka ile karatasi ya kuzuia unyevu kwa msingi, unyevu unapanda, na mchwa wanapanda nao. Ukiona unga mweupe kama chumvi usiuoshe, ni chumvi kweli, ukiosha unairudisha ndani. Piga brashi kavu, kisha tafuta maji yanaingilia wapi.

Kila Februari kabla ya mvua nazunguka nyumba na sarafu nikigonga gonga. Penye panalia debe tupu panakatwa mpaka penye plasta imeshika, panalowanishwa, panapigwa upya kwa kivuli. Ufa mwembamba kama unywele unazibwa na rangi tu. Ule kucha inaingia, ufungue kwa patasi, safisha vumbi, lowanisha, ndio ujaze.

Lakini kuna ufa ambao si wa plasta, na huku kwetu kwenye udongo mweusi ni wengi. Unatoka kona ya dirisha unashuka kwa mshazari, kiangazi unafunguka, mvua ikinyesha unajifunga, kwa sababu ule udongo unavimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Huo usiukimbilie na simiti. Weka alama ya penseli kwa ncha zake zote mbili na uandike tarehe. Wangu wa dirisha la jikoni niliuwekea alama Oktoba, na sasa umeshapita ile alama ya chini kwa upana wa vidole viwili, kwa hivyo plasta hapo sijagusa. Nimeanza na kuchimba mtaro wa kupeleka maji ya paa mbali na msingi, na mzee amesema tuangalie msimu mmoja wa mvua kwanza.