Mama Mkwe Amegoma Kuuza Kibanja, na Mimi Niko Upande Wake

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari Dar es Salaam, nafundisha Kiswahili kidato cha tano na sita. Nimeolewa miaka saba, tuna watoto wawili. Baba mkwe alifariki akaacha kibanja cha migomba na kahawa huko Muleba. Mume wangu anataka sehemu iuzwe tumalizie nyumba yetu ya Chanika, ambayo mshahara wangu wote unaishia humo. Mama mkwe amegoma, anasema kibanja hakiuzwi. Alipokuja kututembelea alinisema mbele ya wageni kwamba mwanawe anapigiwa pasi na msichana wa kazi ilhali mke yupo. Kila jioni alikuwa akimtengea mwanawe maji ya kuoga! Nawafundisha wanafunzi nafasi ya mwanamke katika fasihi, na nikimtazama mama huyu naona Utenzi wa Mwana Kupona, ule wosia wa kale wa mama kwa binti yake juu ya kumtii mume, unatembea. Analinda mfumo dume kuliko wanaume wenyewe. Nifanye nini aelewe kuwa zama hizo zimepita? Mwalimu, Dar.*

Marahaba, mwanangu. Kusemwa mbele ya wageni kunauma, na hapo mkweo alikosea. Pole. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeirudia nikimtafuta mumeo. Nimemkuta anataka kibanja kiuzwe, kisha nikamkuta anaoga. Basi. Anayegombana na mama yake ni wewe, anayeitwa mbaya huko Muleba ni wewe, na pesa zikipatikana mwenye mradi ni yeye. Mwanamume aliyeshindwa kumkabili mama yake amekutuma wewe mbele, nawe umekwenda na daftari la fasihi mkononi.

Unamwita mkweo mlinzi wa mfumo dume. Je, umewahi kujiuliza mjane anasimama wapi juu ya ardhi ya ukoo? Kanuni za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963, zile za Tangazo Na. 436, zinasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama alivyowatunza wao. Wajane wawili wa Tanzania walizipeleka kanuni hizo hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikaona kweli wamedhulumiwa.

Sasa mtazame huyo mama. Mumewe amezikwa palepale kibanjani. Migomba ndiyo chakula chake, kahawa ndiyo chumvi na sabuni yake. Kwa kanuni hizo tegemeo lake ni mtoto, na mtoto mwenyewe ndiye huyu anayetafuta mnunuzi. Angekuwa mama yako mzazi, ungemwambia asaini? Akisema kibanja hakiuzwi anatumia neno la ukoo kwa sababu neno lake mwenyewe hakuna atakayelisikiliza, na wewe ni wa kwanza kutolisikiliza. Na yale maji ya kuoga, mwanangu, mama asiye na hati anamkumbusha mwanawe kwamba bado yupo na bado anafaa. Hata mimi ningetenga.

Kuna mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory, aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia akaliuza. Ndugu wa ukoo akaenda mahakamani kudai kwamba mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akasema mwanamke ana haki ileile aliyonayo mwanamume. Tunaisifu hukumu hiyo kwa kuwa yule mama alitaka kuuza. Mkweo hataki, na ghafla amekuwa wa zamani. Mwenye haki ya kusema nauza si ndiye mwenye haki ya kusema siuzi?

Tuje kwa Mwana Kupona, maana umemtaja kama tusi. Najua mnavyowafundisha: mwanamke kama chombo cha starehe, mwanamke kama mlezi, mwanamke kama mtumwa wa mila, kila hoja na mfano wake, alama zinaingia, kitabu kinafungwa. Lakini utenzi ule una mtu ndani yake. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mkubwa wa mji ulioukatalia utawala wa sultani wa Zanzibar. Akafa mwaka 1856. Miaka miwili baadaye mjane huyo, naye mgonjwa, anamtungia wosia binti yake, Mwana Hashima. Hakuwa na jeshi la kumwachia. Alichokuwa nacho ni ujuzi wa nyumba: lini unyamaze, lini uombe ruhusa, namna ya kumfanya mwenye nguvu akuridhie. Anasema mume ni wa kutunzwa kama mtoto asiyejua kusema. Mimi nikifika hapo hucheka. Anayelelewa kama kichanga na anayelea, nani hapo anayejua dunia ilivyo? Sisemi alikuwa mpinzani, utii ni utii, na binti yangu nisingemfundisha vile. Ila mama anayemwonyesha mwanawe pa kupita kwenye miiba si yeye aliyeipanda.

Kwa hiyo ndiyo, umepatia. Mkweo ni Mwana Kupona. Ulichokosa kuona ni ujane.

Ndoa za siku hizi zina maneno makubwa, na kwa kuwa umenichokoza nitasema. Mwajuma akiambiwa apike ni mfumo dume, mumewe akiombwa kodi ya nyumba na mkewe ni majukumu. Watu wanaoana kwa michango ya kamati, wakitoka ukumbini wanaanza kuhesabu ardhi za wazee. Zamani kijana alitumwa kujenga ndipo aoe. Leo anaoa, kisha anamtazama mama yake kama benki. Na wanawake wasomi, ambao ndio tungewategemea kumtetea mjane kijijini, wanamsahihisha kama mtihani.

Nije kwenye ile pasi. Mkweo alilisema vibaya, lakini alichokiona alikiona. Nyumbani kwa mwalimu wa nafasi ya mwanamke, shati la mwanamume mwenye mikono miwili linapigwa pasi na msichana wa kazi. Kazi mliyoikataa nyinyi wawili mmemshushia mwanamke maskini zaidi, asiye na jina kwenye barua yako, asiye na umri, asiye na mshahara uliotajwa. Mkweo alitaka upige wewe, hapo sikubaliani naye. Pasi apewe mwenye shati.

La kufanya ni hili. Likizo ikifika mumeo apande basi aende Muleba peke yake, akae na mama yake, azungumze naye kwa mdomo wake. Wewe usipige simu, usitume ujumbe. Aulize kwanza kama mirathi ilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo na nani ni msimamizi, kwa sababu bila hilo hana cha kumuuzia mtu. Na mama huyo anaweza kuomba usimamizi yeye mwenyewe. Ukitaka kumsaidia mwanamke, msaidie kujaza zile fomu.

Kisha ujiangalie mwenyewe. Umesema mshahara wako wote unaishia Chanika, hukusema kiwanja kina jina la nani. Ninahisi najua. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu mahakama kugawa mali mliyochuma pamoja mkiachana, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Lakini hayo ni ya siku ya kesi, ukiwa na risiti na mashahidi na miaka ya kusubiri. Usinunue mfuko mwingine wa saruji mpaka majina yenu mawili yawe kwenye hati.