Kuchagua Kinasa Sauti cha Mkononi kwa Kazi za Mwambao wa Ziwa Victoria

Mtu anayetaka kurekodi sauti katika mwambao wa Ziwa Victoria, ziwe ni simulizi za wavuvi wazee, nyimbo za kwaya au ngoma za Wasukuma, inampasa kwanza ajue atarekodi nini na mahali gani, kisha ndipo aulize bei. Nasema hivi kwa sababu vijana wengi wanaoniomba ushauri hapa Mwanza huja na picha ya kinasa sauti walichokiona mtandaoni, wakiwa wamevutiwa na namba za biti na kilohezi zilizoandikwa kwenye boksi, ilhali yanayoharibu rekodi huku kwetu ni upepo, injini za mitumbwi, mvua juu ya bati na betri inayokwisha mahali pasipo na duka. Kazi yangu kubwa ni kukusanya simulizi na nyimbo za wazee, kuanzia Igombe na Kayenze hadi Ukerewe, na haya ninayoyaandika yametokana na kazi hiyo.

Simu janja haifai kudharauliwa. Kwa tangazo fupi au kumbukumbu ya mkutano wa kikundi inatosha, hasa ukiiwekea programu inayohifadhi faili za WAV, yaani sauti isiyobanwa. Shida huanza mazungumzo yanapochukua saa nzima. Simu nyingi hujipandishia na kujishushia sauti zenyewe, kiasi kwamba mzee akinyamaza ili akumbuke jambo, simu huzipandisha kelele za nyuma yake, majogoo na bodaboda, na akianza tena kusema, neno lake la kwanza hutoka likiwa limekabwa. Sauti zinazotumwa kwa WhatsApp nazo hubanwa sana ili zipite kwa urahisi, kwa hiyo zisitegemewe kwa kazi ya redio wala ya kumbukumbu za kudumu.

Ukishaamua kununua kinasa sauti chenyewe, jambo ambalo ningekuomba ulitilie maanani kuliko yote ni utulivu wake. Kila kifaa cha aina hii kina kikuza sauti cha ndani kinachoipa nguvu sauti dhaifu inayotoka kwenye maikrofoni, na kila kikuza sauti kina kelele yake, ile shshsh inayofanana na redio iliyoachwa katikati ya stesheni mbili. Katika vifaa vidogo vilivyotengenezwa kwa ajili ya mikutano ya ofisini, kelele hiyo huwa kubwa, ingawa haijitokezi mtu anapozungumza kwa nguvu karibu navyo. Bibi wa miaka themanini anayesimulia kwa sauti ya chini ndiye anayekipima kinasa sauti. Kwa hiyo ukiwa dukani omba kukiwasha, vaa hedifoni, pandisha kiwango cha kurekodi hadi karibu na mwisho, omba waliopo wanyamaze kidogo, usikilize. Kisha usugue mwili wa kifaa kwa kidole gumba na ubonyeze vitufe vyake huku bado unasikiliza, kwa maana vifaa vyenye ganda jepesi la plastiki hupitisha kila mguso moja kwa moja hadi kwenye rekodi. Muuzaji akikataa kukuruhusu kufanya hivyo, nenda duka jingine.

Aina ya maikrofoni zilizojengwa ndani nayo ina uzito wake. Kuna vifaa ambavyo maikrofoni zake husikia kutoka pande zote kwa usawa, kama Tascam DR-05X, na kuna vingine vyenye maikrofoni mbili zilizopishana kwa pembe ya nyuzi 90, kama Zoom H1n, ambazo husikia zaidi kutoka mbele. Aina ya pili humvutia mnunuzi kwa sababu inaonekana itamnasa msemaji na kuacha kelele za kando, na kwa kwaya iliyosimama ndani ya kanisa hupendeza sana, kwani msikilizaji huweza kutambua sauti ya kwanza iko upande gani na besi upande gani. Lakini maikrofoni zinazosikia upande mmoja huathiriwa zaidi na upepo na mitikisiko ya mkono kuliko zile zinazosikia pande zote. Kwa mahojiano ya nje, karibu na maji, mimi huchagua zinazosikia pande zote, kisha nazisogeza karibu na msemaji. Usogezaji huo ndio unaofanya kazi, kwa sababu katika eneo la wazi kila unapoongeza umbali mara mbili sauti hupungua kwa takribani desibeli 6, wakati kelele za mazingira zinabaki vilevile.

Sasa upepo wenyewe. Mchana jua hupasha ardhi haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu hupanda, na hewa ya ziwani huja kuchukua nafasi yake, ndiyo maana jua likishapanda upepo hutoka ziwani kuja ufukweni, na usiku huweza kugeuka ukavuma kuelekea ziwani. Kwa mtu aliyeketi kivulini upepo huo ni neema, ila maikrofoni husukumwa nao na kutoa ngurumo ambayo hakuna programu ya kompyuta itakayoiondoa kabisa bila kuyaharibu na maneno. Sponji nyeusi inayokuja na kifaa husaidia dhidi ya pumzi za msemaji ukiwa ndani ya nyumba, lakini ufukweni haifui dafu. Kinachohitajika ni kifuniko cha manyoya bandia, na kabla ya kuamua kununua kinasa sauti chochote hakikisha kwamba kifuniko cha umbo lake kinapatikana. Kama hakipatikani, fundi cherehani anaweza kukishona, mradi umpelekee kitambaa cha manyoya marefu chenye mgongo unaopitisha hewa. Kipime kitambaa hicho kwa kukiweka mdomoni na kupuliza: pumzi ikikwama, sauti nayo itakwama, hasa zile herufi za s na f zinazofanya maneno yaeleweke.

Vifaa vingi vina pia kichujio cha kukata sauti za chini, kwa kawaida kuanzia karibu hezi 80. Kiwashe unaporekodi mazungumzo nje, kwani sauti nyingi za watu wazima hazishuki chini ya hapo kwa kiasi cha kuhuzunisha. Kizime unaporekodi ngoma. Ngoma kubwa iliyonyimwa sauti zake za chini husikika kama debe.

Nitatoa mfano mmoja wa namna mambo haya yanavyokutana. Kule Kayenze nilikwenda kumrekodi bibi mmoja aliyefanya kazi ya kuanika dagaa tangu ujana wake. Baada ya shikamoo na kuulizana hali za nyumbani, alielekeza tukae chini ya mwembe, penye kivuli kizuri, lakini majani yake yalikuwa yakipigwa na upepo bila kupumzika. Nikamwomba, "Bibi, tusogee nyuma ya jiko, ili sauti yako isigombanishwe na huu upepo," naye akakubali, akaniambia nimchukulie kigoda. Ukuta wa tofali ukawa kati yetu na ziwa. Kinasa sauti nilikiweka juu ya kiti kingine, chini yake kukiwa na kanga iliyokunjwa mara nne, kwa sababu kikiwekwa juu ya mbao tupu hunasa kila kidole kinachogonga mbao hizo. Maikrofoni zilikuwa kama shubiri moja na nusu kutoka kinywani mwake, chini kidogo ya kidevu, ili pumzi isizipige. Sauti yake ya kawaida ilikuwa ikigusa desibeli 18 chini ya sifuri, sifuri hiyo ikiwa ndiyo kikomo cha juu cha kifaa. Alipofika kwenye wimbo waliokuwa wakiimba wakati wa kugeuza dagaa, aliinua sauti na kuanza kupiga makofi pale pale mbele ya kifaa, na mshale ukaruka hadi karibu desibeli 4 chini ya sifuri bila kugonga juu. Nafasi hiyo niliyokuwa nimeiacha ndiyo iliyouokoa wimbo. Kwa mbali, nyuma ya sauti yake, unasikika mchakacho wa dagaa wakavu wakikusanywa, na ninaupenda mchakacho huo kwa sababu uko mahali pake, chini ya maneno.

Hapo ndipo namba za biti zinapopata maana. Rekodi ya biti 16 ina nafasi ya takribani desibeli 96 kati ya sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa inayoweza kuandikwa. Ya biti 24 ina takribani 144 kwa hesabu, ingawa hakuna kifaa cha mkononi kinachofikia kiwango hicho kwa vitendo. Faida ya biti 24 ni kwamba unaweza kuacha nafasi kubwa juu, kama nilivyofanya kwa bibi, bila wasiwasi kwamba sauti itakapopandishwa baadaye itakuja na ukwaruzo wa ziada. Ninatumia WAV ya biti 24 na kilohezi 48 (yaani sauti hupimwa mara 48,000 kwa sekunde) kwa kila kitu, na saa moja ya rekodi ya chaneli mbili huchukua zaidi kidogo ya gigabaiti 1, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 hubeba takribani saa 30. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde haifikishi hata megabaiti 60 kwa saa, lakini inatupa sehemu ya sauti ambayo haiwezi kurudishwa, na kwa bei za kadi za siku hizi sioni sababu ya kuitumia kwa sauti ya mtu ambaye huenda usipate nafasi ya kumrekodi tena.

Vifaa vipya vimekuja na biti 32 za mfumo wa floti, kwa mfano Zoom F3 ya mwaka 2022 na Zoom H1essential ya mwaka 2024, ambavyo havihitaji mtumiaji kurekebisha kiwango, kwa kuwa sauti iliyozidi huweza kushushwa baadaye ikiwa nzima. Kwa anayekwenda Bujora, Kisesa, kwenye sherehe za Wasukuma za Bulabo mwezi Juni, ambako makundi ya wachezaji ngoma ya Bagika na Bagalu hushindana, na ngoma za bugobogobo hupigwa hatua chache kutoka uliposimama, uwezo huo ni msaada mkubwa. Hata hivyo hauondoi upepo wala shshsh ya maikrofoni duni, na maikrofoni yenyewe ikielemewa na ngoma, biti hazitaitengeneza.

Kuhusu betri, napendelea vifaa vinavyotumia betri za AA, zile za saa ya ukutani, kwa sababu hupatikana hata kwenye kioski cha kijiji cha kisiwani. Betri iliyojengwa ndani ni nzuri mjini, lakini ikichoka baada ya miaka kadhaa kuibadilisha ni kazi ya fundi. Ukitumia za kuchaji, ingia kwenye menyu uchague aina hiyo ya betri, la sivyo kipimo cha chaji kitakudanganya, maana volti zake ni 1.2 badala ya 1.5. Pawabanki nayo husaidia, ila baadhi hujizima zenyewe zinapoona kifaa kinavuta umeme kidogo mno. Ijaribu nyumbani kwa saa nzima kabla ya safari.

Usinunue kifaa kisicho na tundu la hedifoni, hata kikiwa cha bei rahisi kiasi gani. Kuhusu maikrofoni za kubana kwenye nguo, nyingi zinazouzwa katikati ya mji ni za simu, na pini yake ina pete nyeusi tatu, wakati vinasa sauti vingi huhitaji pini yenye pete mbili. Ukichomeka ya simu huenda usisikie kitu au usikie sauti hafifu, na watu wengi hudhani kifaa ni kibovu. Adapta ndogo hutatua jambo hilo.

Kwa anayeanza kurekodi mahojiano ya mtu mmoja mmoja, ningemwelekeza kwenye Tascam DR-05X pamoja na kifuniko cha manyoya. Mwenye kwaya au kikundi kinachomiliki maikrofoni kubwa za jukwaani atafute chenye soketi za XLR, zile za duara za pini tatu, na uwezo wa kupeleka umeme wa volti 48 kwenye maikrofoni, kama Tascam DR-40X au Zoom H4n Pro. Kilichotumika si kibaya, mradi ufungue sehemu ya betri na kuangalia kama springi zina kutu ya kijani, uchomeke hedifoni na kuuzungusha waya ili kusikia kama sauti inakatika, kisha urekodi dakika chache na kuzisikiliza zote.

Kadi ya kumbukumbu inunue mpya na uipime siku hiyo hiyo. Kuna kadi bandia zinazoandikwa gigabaiti 64 huku uwezo wake halisi ukiwa mdogo sana, na kifaa huendelea kuonyesha kwamba kinarekodi ilhali kinachoandikwa hakihifadhiwi. Kwa mwenye kompyuta ya Windows, programu ya bure ya h2testw huijaza kadi yote kwa data na kuisoma tena ili kuona kama imerudi kamili. Jaribio hilo huweza kuchukua saa kadhaa kwa kadi kubwa, kwa hiyo lianze mara tu unapofika nyumbani, na risiti ya dukani iwe bado mkononi.