Maswali ya Wasomaji: Ganzi ya Vidole, Shingo na Meza ya Kompyuta

SWALI: Ndugu mshauri, mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku wilayani Urambo, nina miaka 43. Tangu masoko yafunguliwe naingiza kwenye kompyuta uzito na daraja la mzigo wa kila mkulima, kutwa nzima. Huu ni mwezi wa tatu nashtuka usiku mkono wa kulia umekufa ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, na sipati nafuu mpaka niukung'ute. Kidole cha mwisho hakina neno. Mama mkwe anasema ni baridi yabisi, na kila jioni ananichua kwa mafuta. Meza yangu ni ya mninga, imara sana, ila mimi ni mfupi. Nifanye nini?

JIBU: Dada yangu, nakushukuru kwa kutaja kidole cha mwisho, kwa maana hicho ndicho kilichonionyesha njia. Upande wa kiganja, kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete hupata hisia kutoka mshipa mmoja wa fahamu, ambao hupita kwenye kifundo cha mkono ndani ya mfereji mwembamba pamoja na kano tisa za kukunjia vidole. Kidole cha mwisho kina mshipa wake mwingine usiopita humo. Ganzi inayofuata mpaka huo, ikamwamsha mtu usiku na kupungua akikung'uta mkono, aghalabu hutokana na mshipa huo kubanwa. Baridi yabisi huvimbisha viungo na kuvikaza asubuhi, nawe hukutaja lolote kati ya hayo. Mama mkwe aendelee kukuchua ikiwa kunakuliwaza, lakini mafuta hayafiki penye shida.

Siwezi kuapa kwamba kompyuta peke yake ndiyo iliyoleta hali hii, kwa kuwa kisukari, ujauzito na udhaifu wa tezi ya shingo huweza kumletea hali hiyo hata mtu asiyejua kibodi. Kwa hiyo upimwe sukari kwanza. Hata hivyo, kifundo kinapokaa kimepinda, shinikizo ndani ya ule mfereji hupanda, na nina hakika kwamba meza yako inakipinda kutwa.

Keti, shusha mabega, kunja kiwiko pembe mraba, kisha mwenzako apime kwa futi kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Kibodi inapaswa kuwa kwenye kimo hicho au chini yake kidogo. Meza nyingi za ofisi zina kimo cha kati ya sentimita 72 na 76, ambacho hakimsumbui sana anayeandika kwa kalamu. Kwa mchapaji mfupi ni kirefu mno, naye hulazimika kuinua mabega na kukunja vifundo mchana kutwa. Ukipata sentimita 64, kwa mfano, tofauti hiyo ya sentimita nane au kumi na mbili ndiyo unayoilipia usiku.

Wengi hukimbilia kuongeza mto kwenye kiti. Hiyo ni nusu ya dawa, kwani miguu ikining'inia, ukingo wa kiti hubana mapaja kwa chini. Anayeinua kiti na aweke kigoda au ubao wa kukanyagia. Kwako ningeanza na mtoto wa meza wa katikati, kama upo: uvute nje, uweke ubao juu yake, na kibodi ikae hapo, mradi mapaja yapite chini bila kubanwa. Hilo likishindikana, fundi apunguze miguu ya meza. Najua inauma kutia msumeno kwenye mninga, na ni mali ya chama, hivyo uombe ruhusa. Lakini ombi hilo si fadhila, kwa sababu Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemwekea mwajiri wajibu wa kulinda afya ya mfanyakazi wake kazini.

Jambo jingine wanalolisahau wengi ni kwamba wewe unachapa tarakimu, si barua. Sogeza kibodi kushoto mpaka sehemu ya tarakimu ielekee bega lako la kulia, na kipanya ukihamishie mkono wa kushoto, maana kikiwa mbali kulia bega hilo halipumziki hata dakika moja. Usiku ulale kifundo kikiwa kimenyooka. Idara ya fiziotherapia katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete, Tabora, ndipo mahali pa kuulizia kifaa cha kukishikilia. Ganzi ikiendelea baada ya wiki sita, au ukianza kuangusha vikombe, au mnofu chini ya kidole gumba ukionekana kunywea, usingoje msimu uishe, kwa kuwa mshipa uliobanwa muda mrefu huweza kushindwa kupona kabisa.

SWALI: Shikamoo mshauri. Ni mwalimu wa sekondari, Tabora mjini. Naandaa mitihani usiku kitandani, kompyuta mpakato ikiwa mapajani. Shingo inaniuma hadi mabegani. Je, ninunue kiti cha bei?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kiti hakitakusaidia, kwa kuwa kompyuta mpakato ina kasoro ya kuzaliwa: kioo na kibodi vimeunganishwa, hivyo ukiweka kimoja mahali pake, kingine hukosa mahali. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5, na kadiri unavyokiinamisha ndivyo misuli ya nyuma ya shingo inavyozidi kukizuia kisianguke. Hamia mezani, inua kompyuta kwa vitabu vya kiada mpaka ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, halafu uchomeke kibodi ya pembeni. Fedha ya kiti iende huko. Kila baada ya nusu saa simama, hata kama ni kwenda mtungini tu. Daktari Bernardino Ramazzini wa Italia, aliyefariki mwaka 1714, alikwisha kuandika kwamba makarani huumizwa na kukaa bila kuinuka, kurudia mwendo uleule wa mkono, na kukaza akili muda wote. Kalamu imekuwa kibodi, mengine hayakubadilika.

SWALI: Nina duka la steshenari karibu na stesheni ya reli. Alasiri macho huwaka na kutoa machozi. Je, ni miale ya kompyuta?

JIBU: Si miale. Mtu akikazia kioo macho hupepesa kope mara chache, na jicho hukauka. Machozi hayo ni jicho linajitetea. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, nawe una behewa za kutazama. Kama mlango wako unaelekea magharibi, jua la saa kumi linapiga kioo, kwa hiyo ugeuze meza ili mwanga uingie ubavuni, na feni isikupulizie usoni.