Maswali ya Wasomaji: Jaji Warioba na Rasimu Yake

Swali: Ndugu mhariri, mzee Joseph Warioba tunamwita Jaji, lakini sisi tuliomkuta Waziri Mkuu hatukumbuki akiwa mahakamani. Ujaji ulitoka wapi? — Msomaji, Bunda

Jibu: Hukumbuki kwa sababu alikaa kwenye sheria za serikali kwanza. Alikuwa Mwanasheria Mkuu kuanzia 1976, Waziri wa Sheria 1983, kisha Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza wa Rais 1985 hadi 1990. Mwaka 1995 alishindwa ubunge wa Bunda na Stephen Wasira, akafungua kesi na matokeo yakabatilishwa. Mwaka 1996 aliongoza tume ya Rais Mkapa kuhusu rushwa, na mwaka huohuo akaanza kazi ya ujaji katika Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, Hamburg. Kwa hiyo Rais Kikwete alipomkabidhi Tume ya Mabadiliko ya Katiba mwaka 2012, Warioba hakuwa mgeni wa kazi ya tume.

Swali: Katani kwetu watu wengi walitaka kuingia Baraza la Katiba, wakaishia njiani. Nani aliwachuja? — Msomaji, Morogoro

Jibu: Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwananchi alikuwa na njia mbili za kutoa maoni kuhusu Katiba mpya. Ya kwanza ilikuwa wazi: kufika kwenye mkutano wa Tume na kusema, au kuandika maoni yake. Ya pili ilikuja baada ya rasimu ya kwanza kutolewa Juni 2013, kupitia Mabaraza ya Katiba ya wilaya, yaliyoijadili rasimu hiyo. Bara, wakazi wa vijiji na mitaa walipendekeza majina, kisha kamati ya kata ikachagua wanne. Dar es Salaam kila kata ilitoa wanane, na Zanzibar kila shehia watatu. Kamati ya kata imejaa madiwani na wenyeviti waliopita kwa tiketi za vyama, na hapo ndipo lawama zilipoanzia. Kwa maoni yetu hilo lilikuwa kosa la muundo, na lilitabirika kabisa. Taasisi na makundi yaliyounda mabaraza yao wenyewe yaliukwepa mchujo huo.

Swali: Tume ilipendekeza serikali tatu: ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar. Zilipotelea wapi? — Msomaji, Mjini Magharibi

Jibu: Dodoma. Wengi husahau kwamba Tume ilikuwa na kazi ya kukusanya na kuandika tu. Ilikabidhi rasimu ya pili Desemba 30, 2013, Warioba akaiwasilisha mbele ya Bunge Maalum la Katiba Machi 18, 2014, na baada ya hapo Tume ikavunjwa. Hakukuwa na mjumbe wake wa kusimama kuitetea ibara kwa ibara. Ndani ya Bunge hilo walikuwamo wabunge wote wa Muungano, wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi, na 201 walioteuliwa na Rais. Hesabu za vyama zilikuwa zimeshaamua mengi.

Rasimu iliyapunguza mambo ya Muungano kutoka 22 hadi 7, na yote mengine yangeenda kwa washirika, yaani Tanganyika na Zanzibar. Ukishaupangua muundo wa serikali tatu, orodha hiyo ya saba haina pa kukaa. Wajumbe wa UKAWA (Umoja wa Katiba ya Wananchi, umoja wa upinzani uliotetea rasimu) walitoka Bungeni Aprili 16, 2014. Waliobaki walipitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2, yenye serikali mbili. Sharti lilikuwa theluthi mbili ya wajumbe wa kila upande, Bara na Zanzibar, na upande wa Zanzibar ndio uliowatoa jasho, hata baadhi ya wajumbe wakaruhusiwa kupiga kura wakiwa nje ya Dodoma.

Swali: Kura ya maoni ya kuipitisha Katiba Inayopendekezwa ikifanyika, Bara ikisema ndiyo kwa wingi, inatosha? — Msomaji, Mbeya

Jibu: Haitoshi. Kwa Sheria ya Kura ya Maoni ya 2013, "ndiyo" lazima ipite nusu ya kura halali za Bara, na ipite nusu Zanzibar pia, kura hazijumlishwi. Kura hiyo ilipangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapigakura kwa BVR (mfumo wa alama za vidole na picha) ulikuwa haujakamilika.